Besi ya Thuo

Mwambie mwanamume wa mtaa wa Huruma kwamba koti lake ni la mtumba, mtacheka pamoja. Lakini mwambie mwimbaji wa besi kwamba hasikiki! Weeh! Na hilo ndilo Mwalimu Naftaly, kiongozi wa kwaya, alimwambia Thuo mlangoni pa kanisa, watu wote wakisikia, wiki ile nakala ya kwanza ya santuri yao ilipotoka.

"Nimeisikiliza kwangu mpaka sindano ikachoka," Mwalimu alisema. "Soprano ninawasikia. Alto ninawasikia. Teno, wale wa sauti ya tatu, watamu! Wewe Thuo sikusikii hata chembe. Na wenzako wa besi walikuwa wagonjwa siku ya kurekodi, kwa hivyo sauti ya nne ilikuwa wewe peke yako. Santuri ya pili nitatafuta mtu mwingine."

Thuo alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa ameimba siku hiyo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mwalimu, kwa heshima zote, hako kagramafoni kako ni kadogo. Besi itapita wapi? Jumapili ijayo leta santuri kwangu, ulete na kwaya yote. Msiponisikia, joho la kwaya nitalirudisha mwenyewe."

Maneno yalishatoka, na neno likitoka halirudi. Ni kweli Thuo alikuwa na spika. Alikuwa dereva wa injinia mmoja Mzungu, na yule injinia alipofungasha virago kurudi kwao alimwachia rekodi pleya, amplifaya, na spika mbili za mbao nyekundu zinazomfika mtu kiunoni. Zilipopandishwa ngazi za ploti, lile jengo la ghorofa alikopanga, majirani walidhani ni makabati. Lakini ile ya kushoto, hivi karibuni, ilikuwa imeanza kukohoa. Kila muziki ukishuka chini inafanya *krrr, krrr*, na hapo chini ndipo Thuo anapokaa.

Jumamosi asubuhi akamleta Mativo. Huyu alikuwa fundi wa Mathare, Mkamba aliyeanza maisha akiwachongea watalii twiga na vifaru, kisha akagundua kwamba spika nayo ni mbao tu yenye kelele ndani. Maringo alikuwa nayo ya kugawia mtaa mzima.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza kabla hata ya kusalimia.

Kwanza alibadilisha nyaya, ya kushoto akaipeleka kulia na ya kulia kushoto, ajue kama ugonjwa uko kwa amplifaya. Kikohozi kikabaki palepale kushoto. "Amplifaya ni mzima kama chuma. Ni boksi." Akazima, akaondoa kile kitambaa cha mbele, akaweka vidole juu ya ile karatasi nyeusi ya spika kubwa, akaisukuma polepole. *Krrr.* Akainamisha pua, akanusa. Akanusa tena.

"Baba Wakiuru," akamwambia Thuo, "hapa pananuka rangi ya viatu."

Thuo akamgeukia mkewe. Njoki alikuwa mwanamke ambaye nyumbani kwake hata kiberiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma.

"Si ilikuwa imepauka, na kitambaa chenyewe kinaonyesha mpaka ndani?" Njoki akajibu, mkono kiunoni. "Wageni waje waone kitu kimepauka hivyo nyumbani kwangu? Nikaipaka kidogo, nikaisugua na brashi mpaka ikang'aa. Hata wewe ulisema imependeza!"

"Nilidhani umepangusa vumbi!"

Mativo aliketi sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Brashi ilikuwa imerarua ule ukingo laini wa sponji unaoshikilia karatasi, karatasi ikaenda upande, na ile koili ya nyuma sasa ilikuwa inakwaruza sumaku. "Hii haishonwi. Ni kutafuta nyingine. Lakini mama, kung'aa imeng'aa!"

Njoki naye akashindwa, akaangua kicheko, na Thuo, aliyekusudia kukasirika, akajikuta anacheka mwisho wa wote.

Mchana huo Mativo alikwenda Eastleigh kwa rafiki yake Yonis, aliyekuwa na boksi moja la aina ileile, yatima, pacha wake aliungua zamani. Akarudi na spika kubwa imefungwa ndani ya gazeti. Akaiunga nyaya, akakaza skrubu, akafungulia redio iliyokuwa ndani ya ile amplifaya. Mtangazaji akasoma habari bila kikohozi hata kimoja.

"Tujaribu na muziki," Thuo akasema.

"Ya nini? Mimi nikifunga kitu, kimefungwa." Na akaenda zake. Ama kweli, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Jumapili kwaya ilijaa sebuleni, wengine kitandani, wengine mlangoni. Mativo pia alikuja, kuvuna sifa. Njoki akapitisha chai na mandazi. Mwalimu Naftaly, andazi mkononi, akaomba, akaiombea santuri, akawaombea wasafiri, akaliombea shirika la umeme stima isipotee. Thuo alisema amina mara mbili kabla ya wakati.

Sindano ikashuka. Soprano wakatoka kama maji ya bomba. Alto wakaingia. Teno wakafuata. Thuo akainua kidole: sasa!

Hakuna kitu. Penye besi palikuwa na shimo.

Mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma, na ile huruma ilimchoma Thuo kuliko matusi. Je, kama ni kweli? Kama miaka yote hii amekuwa akinguruma kichwani mwake tu?

"Ngojeni, ngojeni!" Mativo alikuwa tayari ametambaa nyuma ya maboksi, makalio juu. "Rudisheni mwanzo. Wacha nichomoe hii ya kushoto nione."

Akachomoa. Wimbo ukaanza upya, boksi la kulia peke yake, na kutoka chini kabisa ikapanda sauti nene, taratibu, imejaa.

"Niko!" Thuo aliruka. "Huyo ni mimi! Niko!"

Mativo akarudisha waya.

"Nimeondoka!"

Akachomoa wa kulia, akaacha kushoto.

"Niko tena! Mwalimu, niko!"

"Sasa zote mbili," Mativo akasema, akarudisha waya.

"Nimeondoka! Jamani, ninakwenda wapi?"

Kwaya ilikuwa hoi kwa kicheko. Mama mmoja wa alto alimwagia jirani yake chai. Lakini Mativo alikuwa amejishika kichwa. "Njoki, nipe betri ya tochi. Haraka!"

Akaondoa vitambaa vya mbele, akazima, akagusisha betri kwenye nyaya za boksi la kulia. *Tup!* Karatasi ikaruka nje. Akagusisha vilevile kwa boksi la kushoto. *Tup!* Karatasi ikazama ndani.

"Nimezifunga kinyume," akasema, na kwa mara ya kwanza maringo yalimwishia. "Hii ikisukuma, ile inavuta. Ni watu wawili wanasukuma mkokoteni mmoja, huyu mbele, huyu nyuma. Hauendi popote. Sauti nyembamba zinaponyoka, nzito zinamezana. Yule wa redio hana besi, ndiyo maana sikujua."

"Ulisema ukifunga kitu, kimefungwa," Njoki akamkumbusha.

"Mama, rangi ya viatu ni ya nani?"

Wakabaki sare. Mativo akabadilisha nyaya mbili za boksi la kushoto, akatoka nyuma amejaa vumbi, sindano ikashuka tena.

Eeh, bwana! Besi ilikuja ikapita sakafuni, ikapanda miguu ya viti, vikombe vikalia ndani ya sahani zake. Soprano wote walikuwa juu yake kama watoto mgongoni mwa baba. Thuo hakuweza kukaa. Aliimba juu ya sauti yake mwenyewe, Njoki akapiga vigelegele, kwaya ikasimama ikaunga, na huko nje, ghorofa baada ya ghorofa, madirisha yakafunguka. Santuri ikafika mwisho ikabaki inakwaruza, wala hakuna aliyejali. Waliendelea wenyewe, wimbo wakauanza upya.

Mwalimu Naftaly alikuwa amefumba macho, anaongoza kwa andazi lililoumwa nusu. Soprano, akainua. Alto, akainua. Teno. Kisha, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu Thuo aingie kwayani, akafumbua macho, akageuka mzimamzima upande wa besi, akamnyooshea mkono, akangoja.

Thuo akaingia.