Mlinda Mlango Kwenye Ziwa Lisilo na Mlango

Arlys Tollefsrud aliteremka ngazi za kwa Gordy Pflughoeft na bakuli la jibini la kukaanga kwapani, theluji bado kwenye viatu, na uso wa mwanamke aliyekuja kuzika au kuolewa, moja katika hayo.

Chini kule, kwenye chumba cha kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, meza ilikuwa tayari: ramani, dadu, bia, na wenzake watatu. Gordy mwenyewe, mwenye nyumba na mwenye kitabu, mchezoni mpiga shoka. Marcella Wierzba, daktari wa meno, ambaye mchezoni ni mchawi na anafurahia kuumiza watu huko pia. Na Duane, mume wa dada yake Arlys.

Kitabu ndicho kilichowaleta. Miaka mingi walicheza mashujaa wa kubuni, mmoja akisimulia hatari, wengine wakisema watafanya nini, dadu zikiamua. Sasa Gordy alitaka kuchapisha mchezo wao wenyewe, wenye kazi zao wenyewe za kishujaa, yaani aina za mashujaa ambazo mchezaji anachagua, na kitabu kilikuwa kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu. Nafasi ilibaki ya kazi moja. Duane alikuwa na Mkata Vichwa wake, ambaye anapiga kwa nguvu mbugani, baharini, kanisani, popote. Arlys alikuwa na Mlinda Mlango. Akisimama kwenye kizingiti, hapiti mtu wala mnyama wala shetani bila ruhusa yake.

Uwezo mtamu. Ila unataka mlango.

Jaribio la kwanza walipelekwa msituni. Arlys alikaa anakula jibini huku wenzake wakipigana na miti. Akarudi nyumbani, akamwongezea Mlinda Mlango nguvu: sasa mlango wake hauungui moto. Jaribio la pili likawa jangwani. Akaongeza tena: mlango wake unazuia hata mizimu. Duane akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, mwavuli wako unazidi kupendeza kila wiki. Mvua tu ndiyo hainyeshi."

Neno lile lilimchoma Arlys kwa sababu lilikuwa kweli. Alilala nalo, akapika nalo, akakoroga nalo kahawa. Kisha siku moja akiwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, akasimama na kikwanguo hewani. Alikuwa anaufanya mlango kuwa imara, na mlango haukuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni njia ya kuufikia. Akaingia ndani na glavu zake, akafuta nguvu zote alizoongeza, za moto na za mizimu, akaandika jambo moja tu mahali pake.

Sasa alilisoma mbele ya meza. "Kila pambano, mara moja, Mlinda Mlango anauliza: mlango ulio karibu uko wapi? Anayeongoza mchezo lazima ajibu, na ajibu kweli. Akiulizwa zaidi kuhusu mahali pale, ajibu kweli vilevile."

"Basi?" Duane aliuliza. "Umefuta mambo yote hayo ukaweka swali?"

"Swali tu, shemeji."

"Gordy, umesikia? Mkata Vichwa wangu anakata vichwa. Huyu anauliza njia."

"Ongoza mchezo, Duane," Gordy alisema. "Akikaa tena bure leo, ukurasa ni wako."

Duane akafunua ramani, na Arlys akaona mara moja amefanyiwa nini. Karatasi nzima nyeupe. Ziwa lililoganda, ufukwe hata mmoja hauonekani.

"Mko katikati ya ziwa," Duane akaanza, sauti imejaa asali. "Mmembeba binti wa malkia, mtoto mdogo, mumfikishe ng'ambo kabla jua halijazama. Upepo unakata masikio. Na kutoka pande zote, pande zote nasema, wanakuja mbwamwitu. Hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna jiwe la kuegemea mgongo."

"Shetani wewe," Marcella alisema kwa heshima.

"Mlango ulio karibu uko wapi?" Arlys aliuliza.

"Ngomeni, ng'ambo! Mwendo wa saa nzima!" Duane akajitupia jibini mdomoni. "Jibu la kweli kabisa."

Arlys hakubisha. Akavuta kiti, akapangusa vidole polepole.

"Ziwa hili lina samaki?"

"Limejaa."

"Wa namna gani?"

"Sangara wa manjano, wakubwa namna hii," na Duane akaonyesha kwa mikono, maana kuhusu samaki mikono yake haijui kunyamaza.

"Na barafu ni nene?"

"Unapitisha gari."

"Maskini," Arlys alisema. "Barafu nene, sangara wakubwa, na watu wa nchi hiyo wamekaa majumbani wanafuma soksi. Hawajui hata kutoboa barafu wakavua."

"Nani hajui kuvua?" Duane akawaka. "Wamejaa tele upande wa kaskazini! Unadhani ni wajinga? Januari, sangara namna hii, halafu mtu akae nyumbani?"

"Na upepo huu wa kukata masikio? Wanakaa wapi?"

"Si kwenye viba..."

Duane akafumba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Vibanda!" Marcella aliruka mpaka bia ikamwagika. "Vibanda vya kuvulia juu ya barafu! Hata chako wewe cha kijani kina mlango, Duane, na kufuli, na pazia la maua alilokushonea mkeo LaVonne!"

"Ngoja kwanza..."

"Ajibu kweli," Gordy alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Imeandikwa. Kina mlango au hakina?"

"Kina," Duane alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mchezoni wakakikimbilia kibanda cha karibu, wakambwaga mtoto ndani, wakajibana, na Arlys akasimama kwenye kizingiti. Mbwamwitu wakafika. Hapiti mmoja.

"Watavunja mbao!"

"Cha kwako kiligongwa na gari la theluji," Gordy alimkumbusha, "kilichovunjika ni taa ya gari. Ulijisifu mpaka Pasaka."

"Haya, kaeni humo mgande! Jua linazama, mtoto hajafika!"

"Vibanda vyote vina mbao za kutelezea chini," Arlys alisema. "Na sakafu ina matundu ya kuvulia. Gordy, tumbukiza miguu, tusukume."

"Yangu hiyo."

"Na ya mchawi," Marcella alisema.

Kibanda kikaanza kutembea. Miguu minne chini, mlango mbele, mvuvi aliyekuwa ndani akiwa bado ameshika ndoano yake, na kundi zima la mbwamwitu likikimbia sambamba bila kujua lifanye nini na nyumba inayotoroka. Hata Duane alikuwa ameanza kutabasamu, akajifinya.

Akabaki na silaha moja. "Jike jeupe, mama wa kundi, anajitupa mlangoni. Dadu zangu hizi!" Akarusha. Zikatoka kubwa kuliko zote.

"Anapita," Arlys alisema.

Duane aliinua macho kutoka kwenye dadu zake.

"Unasema?"

"Hapiti bila ruhusa yangu. Nampa ruhusa. Karibu, mama. Peke yako." Akafanya kwa mkono kama anafunga. "Kisha naziba tena. Gordy, shoka lako liko wapi?"

"Umemkaribisha?!"

"Mlango wangu, shemeji. Namfungulia nimtakaye."

Gordy akarusha dadu, jike jeupe likaanguka juu ya ndoo ya sangara, na nje kundi lisilo na mama likatawanyika barafuni. Walifika ngomeni jua likiwa bado na kidole kimoja juu ya ziwa. Marcella alipiga meza kwa viganja vyote viwili. Gordy alisimama kabisa, na ubovu wa magoti yake unajulikana, akauweka ukurasa wa Mlinda Mlango ndani ya jalada la kitabu.

"Ana nguvu kupita kiasi," Duane alinung'unika. "Nasema mapema. Watu watalalamika."

"Wiki iliyopita hakuwa na faida," Gordy alisema.

"Wiki iliyopita alikuwa hajui kuuliza." Duane alizungusha chupa yake mezani, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha, bila kumtazama mtu: "Jumamosi ijayo nani anamcheza?"

"Mimi nimeshasema ni wangu!" Marcella alisema.

"Hujasema!"

Arlys Tollefsrud alivuta bakuli la jibini mbele yake, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, akakila taratibu mpaka kikaisha.

"Panga foleni, shemeji," alisema.