Magunia ya Mbele

Ngolo alikuwa na ugonjwa mmoja: jibu likishamfika mdomoni lazima litoke, hata kama swali halijaisha. Kidato cha tatu kizima kilimwita Profesa, naye akaitika bila haya. Siku mwalimu wa fizikia alipouliza ni nguvu gani inayoweza kuhamisha mlima, Ngolo alinyoosha kidole: "Mama mkwe, mwalimu."

Asubuhi ile ya Machi hakukuwa na wa kucheka. Mvua ilikesha ikiipiga mbuga ya Usangu, na mama yake, Veronika, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili, ilikuwa imeshafungwa tela, na telani mmepangwa magunia ya mpunga wa akiba wa kupeleka sokoni Chimala. Baba yake, Masunga, hakutaka kupoteza muda kuyashusha. Mama akalazwa nyuma kwenye godoro, shangazi Esther akampakata kichwa, safari ya hospitali ikaanza.

Kwenye bonde la mfereji tope likawashika. Magurudumu mawili ya pawatila yakazunguka, yakasogea kidogo, yakazunguka tena.

"Inatambaa, lakini itatoka," alisema Masunga.

"Baba, tatizo uzito," Ngolo akadakia. "Uzito ukizidi, msuguano unazidi. Tushushe magunia, utaona inavyoruka kama swala."

"Una hakika?"

"Huku siyo kuswaga ng'ombe, baba. Hii fizikia."

"We mtoto," shangazi Esther akasema, "mdomo wako una injini kuliko hiyo mashine."

Mama alifumbua macho. "Mwacheni. Si ndiyo maana tukampeleka shule?"

Basi Ngolo akaanza na magunia ya mbele, maana ndiyo yaliyokuwa karibu na mkono. Moja baada ya jingine yakatua topeni, pwaa! Masunga akaongeza moto. Pawatila ikanguruma, magurudumu yakazunguka kama feni, tope likaruka mpaka usoni kwa mgonjwa. Haikusogea hata kidole. Ilizama mpaka ekseli.

Hapo ndipo nusu ya somo aliyokuwa ameisinzilia ilipomjia, imechelewa kama mgeni wa msiba. Gurudumu husukuma ardhi kwenda nyuma, nayo ardhi hulisukuma gurudumu kwenda mbele; pasipo msuguano hakuna anayemsukuma mwenzake. Ni kweli uzito wa tela ulikuwa unawavuta nyuma. Lakini yale magunia ya mbele ndiyo yaliyokuwa yanaikandamiza pawatila, magurudumu yake yakapata kung'ang'ania chini. Alikuwa amemtupa rafiki akidhani ni adui.

"Baba," alisema. "Tuyarudishe."

Masunga akazima injini, akaingia topeni.

Gunia lililokunywa maji halibebeki, linakumbatiwa. Walifukua tope kwa mikono, wakatandika matawi mbele ya magurudumu, wakayaburuta magunia mpaka mbele ya tela, yanateleza, wanaanguka nayo. Mwanzoni mama alikuwa analia. Baadaye akanyamaza, na Ngolo akatamani alie tena.

Pawatila ilipopanda ukingo, ilipanda polepole, bila kelele, kama vile haikuwahi kukwama.

Hospitalini walikaa kwenye benchi, tope likiwakaukia miguuni. Muuguzi alipotoka alianza kuvua glovu kwanza.

"Mama yuko salama. Mtoto hatukumpata. Alichoka sana." Akawaangalia nguo. "Mlichelewa wapi?"

Ngolo alifungua mdomo. Baba akamtangulia.

"Njia, sista. Njia zetu si unazijua."

"Mvua hizi, poleni jamani," alisema muuguzi, akaondoka.

Masunga hakumgeukia mwanawe. Aliinama akabandua tope kwenye kisigino, kipande kwa kipande, akakiweka kila kimoja pembeni mwa benchi.

Jioni shangazi Esther alitoka wodini, akamwendea Ngolo. "Anakuita wewe. Nenda, usimkalishe anakungoja."

Mama alikuwa amelala chali, shuka limefika kidevuni.

"Mpunga umelowa?" aliuliza.

"Umelowa, mayu." Ngolo alishika chuma cha kitanda. "Baba amewaambia ni njia. Siyo njia. Ni mimi niliyeyatupa yale magunia."

"Najua," mama alisema. "Nilikuwepo."

Akageukia ukutani.