Ngoma ya Mjomba Kwenye Kompyuta

Chumbani kwangu Mafiga nilikuwa natengeneza ala ya kompyuta: ukibonyeza kinanda, inalia ngoma ya Mjomba Stambuli wa Matombo. Lakini ililia kama debe lililofunikwa blanketi, na kosa nililijua. Siku ya kurekodi kulikuwa na ukungu, ngozi ya ngoma imelegea, nami nikaona haya kumwomba mjomba awashe moto aikaze.

Jumamosi nilirudi Matombo, nikamwomba.

“Kumbe una mdomo, mpwa wangu!” Akacheka, akawasha majani makavu ya mgomba. Ngozi ilipokaza alipiga pigo moja moja, nami nikarekodi yote.

Baadaye, barazani, niliyapanga mapigo hayo kwenye laptopu, nikaanza kubonyeza kinanda. Mjomba alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikasimama.

Mkewe akapaza sauti kutoka jikoni: “Baba Halidi, acha ngoma, chai inapoa!”

Mjomba akainua chungwa na kisu, mikono yote miwili juu, uso umejaa kicheko. “Mwambie nani anapiga.”

Sijazoea kupaza sauti. Siku hiyo nilipaza.

“Ni mimi, shangazi!”