Simu Mbili, Jina Moja

Tangu mafuriko yaangushe minara, hakuna simu iliyopiga wala kupigiwa. Ujumbe ulitembea kwa miguu ya watu. Ukiandika, simu yako iliutunza hadi ikaribiane na nyingine, ikairushia nakala; nayo hiyo ikaibeba hadi ikutane na ya tatu. Muuza maziwa alibeba siri za wapenzi asiowajua. Mzoa taka alibeba taarifa za misiba. Aliyeweka programu ya kufanya hivyo kwenye simu za karibu mji mzima alikuwa fundi simu wa barabara ya soko, na watu waliiita Chukua Upeleke.

Walilalamika jambo moja tu: nakala zilijaza simu. Basi fundi akaongeza kanuni. Ujumbe ukimfikia mwenyewe, simu yake inatangaza kwamba umepokewa, na tangazo hilo linasambaa njia zilezile. Kila simu inayolipata inafuta nakala yake, na aliyetuma anaona alama ya kijani. Watu wakamshukuru, naye akavimba kichwa kidogo. Ilikuwa haki yake.

Mchana mmoja kaka yake aliingia dukani, matope hadi magotini. Alikuwa dereva wa gari la maji la hospitali. Mke wake, mimba imetimia, alikuwa nyumbani kwao mlimani, akiangaliwa na mkunga wa mtaa.

"Simu yangu vipi, fundi wa kuotea?"

"Kioo kimefika leo. Kaa hapo kwenye benchi, na matope yako yabaki na wewe."

"Hii uliyoniazima inalia kama mbuzi mwenye mafua."

"Ingelia kama malaika ungenirudishia?"

Kaka alicheka, kisha akaitazama simu ya kuazima kiganjani. Fundi alikuwa ameiandikisha kwa jina la kaka yake ili ujumbe umfuate.

"Wifi yako kimya tangu jana."

"Kimya kizuri hicho. Muuza maziwa ameteremka kutoka hukohuko asubuhi, amepita mlangoni hapa. Wifi angetuma kitu, ungekuwa umeshakipata."

"Nilitaka nipande nikamwone."

"Ukamkere? Mwache mwenzio apumzike. Wagonjwa wanangoja maji."

Akabandika kioo kipya, akakaza skrubu, akabonyeza. Simu ikawaka. Ujumbe ulikuwa hapo juu kabisa.

*Uchungu umeanza. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, nipelekwe hospitali. Njoo na gari.*

Ulikuwa umeingia asubuhi.

Simu za wateja, fundi alizitoa betri kabla hata hajazifungua. Hii aliiacha kwenye chaji, kwa kuwa ni ya kaka yake na alitaka amrudishie ikiwa imejaa. Kwa hiyo mjini zilikuwako simu mbili zenye jina moja. Muuza maziwa alipopita mlangoni, iliyo mezani ikapokea, kioo chake cheusi kisimwonyeshe mtu yeyote, ikatangaza kwamba mwenyewe ameshapata. Nakala zikafutwa kila zilipokuwa. Ya kuazima haikubakiziwa kitu.

"Kaka," alisema. "Washa gari."

Alimweleza njiani. Kaka alikuwa akitazama barabara, mikono yote miwili kwenye usukani. Barabara ilikuwa mbovu lakini ilipitika. Ndilo lililomuuma fundi zaidi: tangu asubuhi ilikuwa inapitika.

Nje ya nyumba majirani walisimama kando ya mkokoteni uliotandikwa godoro. Godoro lilikuwa kavu, halijalaliwa.

"Tulitaka kumteremsha mapema," jirani mmoja alimwambia kaka, bila kumtazama usoni. "Akakataa. Akatuonyesha alama ya kijani. Akasema, mume wangu ameshapata, yuko njiani, nikishuka tutapishana."

Ndani mkunga alikuwa ananawa. Wifi alikuwa amelala, uso umemkauka, na pembeni yake kitu kidogo kimefungwa kwenye khanga, uso nao umefunikwa.

"Yeye atapona," mkunga alisema taratibu. "Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Wifi alimtazama mume wake.

"Ulipokea," alisema. "Niliona. Ulikuwa unafanya nini?"

Fundi alijua kwamba asiposema, kaka hatasema. Ataubeba mzigo huo, na wataishi nao humu ndani hadi uwatenganishe.

"Hakupokea, wifi. Simu yake ilikuwa kwangu, mezani. Niliiacha imewaka. Yeye hakuujua ujumbe wako hadi nilipomweleza mimi mchana huu."

"Kwako."

"Kwangu."

Nje majirani walikuwa wakivuta godoro kulipeleka kwenye gari. Kisha wifi akasogeza khanga kwa mkono usio na nguvu, polepole, kuelekea ukingo wa kitanda.

"Mshike basi, shangazi yake," alisema. "Baba yake anibebe mimi."