Geti la Nicodemus

Shimo lilijifukia kabla sijashusha nguzo. Nilikuwa nimechimba hadi kiwiko, kisha hadi begani, nimelala kifudifudi kama mtu anayetafuta ndoo iliyozama kisimani. Nilipoinuka kupangusa jasho, ule udongo wa Nakuru, ambao mimi siuiti udongo, nauita majivu, ukaporomoka na kulijaza tena. Nikalitazama. Nikalichimba upya. Ilikuwa Januari ya mwaka 1958, upepo unashuka kutoka Menengai kila adhuhuri na kutuletea vumbi hadi kwenye sufuria.

Mke wangu Awuor alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mkono kiunoni, binti yetu Truphosa amelala mgongoni mwake.

"Baba Truphosa," akasema, "upande huo ulishaumaliza wiki jana. Unachimba nini tena?"

"Nakaza nguzo."

"Nguzo haina shida. Shida ni geti."

Alisema kweli, na kwa kuwa alisema kweli nikakasirika. Nikachukua ndoo nikaenda bombani, nikajifanya nina haraka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje, mojawapo ya zile ambazo kanjo, yaani baraza la mji, ilianza kuwapa Waafrika wazimiliki. Nilikuwa fundi katika karakana ya reli, na tangu nifike Nakuru sikuwa nimelala mahali ambapo sikusikia jirani akikohoa. Siku niliyopewa ufunguo niliufungua na kuufunga ule mlango mpaka Awuor akaniuliza kama nimerukwa na akili. Lakini bwana wa kanjo alikuja na baiskeli yake, akazunguka kiwanja, akasema maneno machache tu. Mvua ikianza kabla sijazungusha ua na kutia geti, nyumba itakwenda kwa anayefuata, na wanaofuata ni wengi. Akapanda baiskeli yake akaenda.

Ua haukunitisha. Geti ndilo lililoninyima raha.

Kwetu Gem nyumba pekee si kitu. Unaweza kupanga, ukahama, ukapanga tena, na hakuna atakayekuuliza. Lakini ukizungusha ua na kufungua geti, hapo umefungua boma, na boma hufunguliwa kwa zamu. Mkubwa hutangulia, mdogo hufuata. Mdogo akimruka mkubwa, balaa huingia naye, na watu wa kwetu watakwambia kwamba halianzi na yeye, linaanza na watoto. Awuor alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja tulipokuwa tukikaa nyumba za reli. Sasa alikuwa na mimba nyingine.

"Mimi sikanyagi ndani ya geti utakayofungua kabla ya shemeji," aliniambia. "Na bila geti kanjo inanifukuza. Kwa hivyo kaa ufikirie, na usinichimbie mashimo."

Shemeji aliyemtaja ni Nicodemus, ndugu yangu mkubwa. Alikuwa taniboi kwenye lori la mbao, mtu mzima wa mvi mbili tatu akifanya kazi ya vijana, kupakia na kupakua na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu mlimani. Mkewe Achola alifariki huko Gem akijifungua, na mtoto akaenda naye. Tangu hapo Nicodemus hakujenga, hakuoa, wala hakulala mahali pamoja wiki nzima. Ukimuuliza anakaa wapi, atakuonyesha lori.

Basi nikapanga hila yangu. Jumamosi king'ora cha karakana kikilia mchana, lori lingekuwa linanisubiri kwenye mti wa mbele ya stesheni. Ningepanda, ningesafiri naye, na mahali fulani njiani ningempata akiwa mtulivu, nimwambie aende nyumbani akafungue boma lake. Ndivyo nilivyomwambia Awuor. Aliniangalia kwa muda, akanifungia viazi vitamu kwenye kitambaa.

Dereva alikuwa Kiprugut, mtu wa pande za Molo, mwembamba, mwenye koti refu la jeshi ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Aliniita fundi tangu siku ya kwanza.

"Fundi, leo unatafuta nini huku?" aliniuliza.

"Natembea tu."

"Hii ndugu yako pia ilianza hivyo hivyo," akasema, na Nicodemus akacheka hadi akashika mlango.

Tulikwenda Gilgil. Askari walitusimamisha karibu na kambi ya jeshi, wakapanda juu, wakachoma mzigo kwa fimbo za chuma, wakatazama vipande vyetu vya kitambulisho na nyuso zetu, wakatuachilia. Tulikula nyama ya kuchoma tukiwa tumesimama. Wiki iliyofuata tulishuka Elementaita tukaoga kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, watu wazima watatu wamekaa ndani hadi shingoni, wale ndege heroe wamejaa ziwani mbele yetu, Kiprugut na kofia yake kichwani. Nilitaka kusema. Nikafungua mdomo, Nicodemus akanirushia maji usoni. Tukarudi Nakuru jioni tukiimba nyimbo za kanisa kwa maneno tuliyoyatunga sisi, na neno lenyewe nimerudi nalo tumboni.

Sijui kama unajua mtu anavyonaswa na barabara. Jumatatu nachimba, Jumanne nachimba, nang'oa magugu, napanda mche wa ua, namwagilia, naung'oa, naupanda hatua mbili pembeni. Alhamisi miguu inaanza kuwasha. Kufika Ijumaa sikai kitini. Awuor akinipa chai nainywa nimesimama mlangoni, masikio yako stesheni. Nilikuwa na nyumba niliyoiota miaka, na nilipokuwa ndani yake nilitaka kutoka, na nilipokuwa nje nilijiona mjinga kwa kuiacha. Ua ulinyooka pande tatu. Upande wa nne ulibaki wazi, na mbuzi wa majirani walipita humo wakala miche yangu. Sikuwafukuza sana.

"Umemwambia?" Awuor aliuliza kila Jumapili.

"Nafasi haikupatikana."

"Lori zima halina nafasi," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Mwishoni mwa Februari mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Mau. Jumamosi hiyo tulipanda Sachangwan kuchukua nguzo za mtarakwa. Mjomba wake Kiprugut alikuwa akizikata huko, naye alikuwa amenitengea mbili nene za geti. Lori lilipanda likilalamika, na kabla ya kufika juu likachemka. Tukasimama. Ukungu ulitufunika, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa, na Kiprugut akafungua boneti akasema hapa tunakaa mpaka huyu mzee apoe. Nicodemus akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaja tukaketi wote kwenye ukingo wa barabara. Hapakuwa na maji ya kurusha wala wimbo wa kuimba. Nikasema.

"Nico, nenda nyumbani. Jenga hata kibanda. Fungua geti, lala humo, halafu urudi kwa lori yako. Awuor yuko karibu kujifungua, na mvua hiyo hapo."

Alikuwa akikwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Nani atawasha moto?" akauliza. "Boma haifunguliwi na mwanaume peke yake, na wewe unajua. Unataka nioe mtoto wa watu ndiyo wewe uweke geti?"

Nilijua. Nilijua tangu mwanzo, na msimu mzima wa kiangazi nilikuwa nimesafiri na hilo ombi mfukoni bila kuligeuza nione upande wake wa pili. Nilimfikiria Awuor na nyumba yangu, nikamfikiria Nicodemus kama jiwe lililolala njiani. Nilitahayari sana.

"Achola nilimwambia nitarudi na mabati," akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa. "Alikuwa amechoka na nyasi. Inavuja, alisema. Nikafanya kazi, nikayanunua, nikashuka nayo stesheni ya kwetu, Yala. Watu wakanipokea. Wakaniambia wameshamzika."

"Hukuniambia habari ya mabati."

"Ningekuambia nini? Niliyaacha pale kwa mtu mmoja mwenye duka. Sijui kama yapo bado."

Kiprugut alikuwa amesimama mbele ya boneti akitazama injini iliyokwisha kupoa zamani. Hakutuita. Alipotuita tulipanda, tukachukua nguzo, tukashuka Nakuru bila kuimba. Nilimwambia Awuor yote. Alikaa chini kwenye kizingiti, akajifunika uso na kanga. Hakuniuliza habari ya geti tena.

Jumamosi iliyofuata lori halikuja. Nilisubiri kwenye mti mpaka watu wakaanza kunisalimia kwa huruma. Nikarudi nyumbani, nikaanza kufunga nguo zetu kidogo kidogo. Mvua ilikuwa imeshanyesha Njoro, tulisikia harufu yake. Nilizisimamisha zile nguzo mbili za mtarakwa penye nafasi ya geti ili zisioze zikilala chini, nikaacha hivyo.

Jumapili asubuhi, watu wakienda kanisani, lori likaingia mtaani. Nicodemus alikuwa juu, ameketi kwenye mabati. Yalikuwa na kutu pembeni na moja lilikuwa limetobolewa na kitu. Aliruka chini, mkononi jogoo aliyefungwa miguu, begani shoka, kama mtu anayekwenda kufungua boma. Hakunisalimia.

"Toka hapo," aliniambia, kwa kuwa nilikuwa nimesimama kati ya zile nguzo. "Rudi nje. Na mkeo atoke."

Tukatoka wote hadi barabarani, Awuor na tumbo lake, Truphosa amemshika kanga. Nicodemus akapita katikati ya nguzo na jogoo na shoka, peke yake, akasimama kiwanjani.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Mimi ndiye nimefungua. Hiram ni mdogo wangu, anakaa kwangu."

Kisha akaenda kwenye kona, penye miche yangu iliyoliwa na mbuzi, akaanza kukata fito alizozishusha kwenye lori. Kiprugut akavua lile koti lake, mara ya kwanza namwona bila koti nje ya maji, akamsaidia. Mimi nikachimba. Ajabu ni kwamba mashimo yale hayakujifukia, labda kwa sababu ya unyevu uliokuwa hewani. Kufika alasiri kilisimama kibanda cha mlango mmoja, kifupi hivi kwamba Nicodemus alilazimika kuinama, na juu yake mabati ya Yala. Watu wa mtaa walitoka kanisani wakasimama kutuangalia. Hatukuwaeleza kitu.

"Hii ni nyumba ya Achola," Nicodemus akasema.

Akasimama hapo, mikono imening'inia. Niliona hajui kinachofuata, au anajua na hana mtu wa kukifanya. Awuor akaenda jikoni. Akarudi na makaa kwenye kigae, akitembea polepole kwa ajili ya lile tumbo, akainama kwa shida akaingia kibandani. Tukamsikia akipuliza.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. "Huo moto ni wake," akamwambia Nicodemus. "Mimi nimembebea tu, shemeji."

Ndugu yangu akalia. Alilia waziwazi mbele ya mtaa mzima, na Kiprugut akawageukia watu akawaambia waende nyumbani wakapike.

Mvua ilianza jioni ile. Nyumba ya Achola haikuvuja, lile tundu tulishaliziba. Asubuhi nilimkuta ameshakaa kwenye lori, viatu vimefungwa.

"Unajua mtu hafungui boma mara mbili," nikamwambia. "Ya Gem umeiacha."

"Najua," akasema. "Funga hinji vizuri, hiyo mti ni mgumu."

Bwana wa kanjo hakuja mpaka nilipokuwa nimemaliza upande wa nne; akalitikisa geti, akauliza kile kibanda ni cha nini. Nikamwambia ni stoo. Mwanangu alizaliwa Aprili, akaishi, na mpaka leo analalamika kwamba namtuma sana.

Nicodemus hakulala tena kwenye kibanda kile zaidi ya mara chache, akipitia. Alipofariki katika hospitali ya Nakuru miaka mingi baadaye, wazee wa Gem wakatuma watu. Walisema huyu alikufa bila boma, na mtu asiye na boma hulazwa nje ya ua. Walikuwa wamekwisha kuchagua mahali pa kaburi.

"Ana boma," nikawaambia. "Mnakalia viti vyake."

Nikawaonyesha geti, kibanda, mabati. Walijadiliana kwa muda mrefu na chai ikapoa. Mwishowe mkubwa wao akasema, kama ni hivyo, mwenye boma haondoki hospitalini kama mgeni. Apitishwe kwake kwanza, ndipo alazwe ndani ya ua wa baba yake.

Kiprugut, mzee sasa, ndiye aliyeendesha. Tulimwingiza kwa geti lake, tukamweka mbele ya nyumba ya Achola, na Awuor akaleta makaa kama siku ile. Kisha tukampandisha tena, lori likashika njia ya Molo kwenda Gem. Nilibaki nyuma kidogo ili nifunge geti, mkono wangu ukiwa tayari kwenye komeo.

"Acha," Awuor akasema. "Mwenyewe ametoka."