Perrine wa Tatu

Farasi alikuwa ameshafungwa kwenye sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, anapiga kwato uani, bibi aliposema wasubiri.

"Mtoto asibatizwe leo," alimwambia baba. "Huyu wa chumbani hafiki kesho."

Huyu wa chumbani nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa na dondakoo, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao tu.

"Mama, padri atanigombeza nikimchelewesha. Kazaliwa jana."

"Padri anaijua nyumba hii kuliko mimi? Tangu Perrine wa kwanza ashuke melini kutoka Ufaransa, hatujawahi kukaa bila Perrine. Na wawili hai hawakai chini ya paa moja. Au unataka umwite jina la jirani?"

Nikasikia baba akimfungua farasi.

Kwetu jina halizikwi. Mtoto akifa, anayefuata hulivaa. Dada yangu mkubwa aliitwa Perrine, akafa na miaka miwili. Aliyemfuata akalichukua, akaishi wiki sita. Mimi nililikuta limelainika kama shati la kurithi. Njia ya shule ilipita makaburini, penye msalaba wa mbao wenye jina langu, na wenzangu hawakuchoka: "We Perrine, leo umetokaje humo?" Nilicheka nao. Sikujua la kufanya jingine.

Alasiri ile mama alikuja mlangoni, ameshika ukuta, damu ya uzazi bado haijamkauka. Nilidhani amekuja kunishika paji la uso. Alisimama akitazama kifua changu kinavyopanda na kushuka.

"Bado?" bibi akauliza kutoka jikoni.

"Bado."

Alipoondoka nikaamua kumsaidia. Nilibana pumzi. Nikahesabu hadi thelathini, macho yakajaa nyota, kisha mwili ukakataa. Nilikohoa kikohozi ambacho sijakisahau. Kitu kama ngozi kikachomoka kooni, na hewa ikaingia, baridi, tamu, nyingi.

Asubuhi niliomba maji. Bibi alikuwa bado ameshika kikombe, ananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba, tuliposikia kilio cha mama.

Mtoto alikuwa amepoa kwenye susu kando ya jiko. Gauni la ubatizo lilining'inia juu yake, limepigwa pasi. Hakuna aliyekuwa amemdondoshea hata tone la maji. Baba alimweka kwenye kasha la sabuni, akamzika nje ya uzio wa makaburi, mahali pa wasiobatizwa. Hakuweka msalaba. Angeandika nini?

Mwaka jana binamu yangu Ovila, anayesomea upadri, alikuja na karatasi kubwa ya ukoo. Alikuwa amepekua vitabu vya parokia kurudi hadi melini. Aliitandaza mezani, akanionyesha kwa kidole: Perrine, Perrine, Perrine, tisa kwa jumla, na mimi mwisho.

"Ila hapa pana pengo," alisema. "Kati yako na mdogo wako Léo ni miaka kumi na mmoja. Mama mdogo, hukuzaa mtu katikati?"

Mama alikuwa akifuma soksi karibu na dirisha. Sindano hazikusimama.

"Nilizaa," alisema. "Jina lilikuwa na mtu."

Ovila alisubiri aendelee. Kisha akaweka rula mezani, akapiga mstari ulionyooka kutoka kwangu hadi kwa Léo. Nilimshikia karatasi isiteleze.