Siku Kwandu Alipojisemea

Apolonia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Zagayu, na kwenye mkutano wa kijiji hata katibu alimtupia jicho kabla ya kufungua kikao. Kwandu alipokuja kulia kwake, Apolonia aliona kazi imekwisha: kesi hiyo angeisema mwenyewe.

Mume wa Kwandu alikuwa amefariki. Baba mkwe wake, mzee Mashimba, alitaka mjane arithiwe na shemeji yake, Maganga. Asipotaka, aondoke, na watoto wawili wabaki kwa kina baba yao, maana ng'ombe wa mahari walitolewa. Kwandu alikataa. Watoto wakachukuliwa.

Akina mama wakatuma habari chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, ambako wanafunzi wa sheria walikuwa wakiwasaidia wanyonge bure. Likizo ilipofika, akashuka kwenye basi kijana mmoja, Constantine, na suruali yake ya bugaluu iliyofagia vumbi lote la stendi.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia. Kisukuma hicho alifundishwa ndani ya basi.

"Mwangaluka, nyanda. Haya, mahakamani nani anasema, mimi au wewe?"

"Hakuna kati yetu, mama. Mahakama ya mwanzo haipokei mawakili, na mimi hata wakili bado sijawa. Sheria ya Ndoa inasema mjane yuko huru kukaa anakotaka, na haolewi bila kupenda. Lakini lazima aseme mwenyewe."

Apolonia aliwaka. Huyu Kwandu? Kwandu ambaye akimwona mkwewe njiani alikuwa anatokomea kwenye mtama? Mwanamke anayejiheshimu hamtazami mkwewe usoni, sembuse kumshitaki!

Basi wakagawana kazi. Kijana akamfundisha Kwandu sheria, akina mama wakamfundisha kuisema. Kila jioni wakitoka kuchuma pamba walikutana ghalani. Constantine alijifanya hakimu. Apolonia alivaa koti la mumewe, akawa Mashimba, akafoka na kugonga fimbo.

"Nitazame!" alimwamuru Kwandu. "Mtu mwenye haki hainamishi kichwa!"

Kwandu alijaribu. Kila alipoinua macho, maneno yalimkauka, na mpaka siku ya kesi walikuwa hawajafanikiwa. Apolonia alikwenda Bariadi roho ikiwa juu.

Mahakamani ikawa vilevile. Kwandu alisimama, Mashimba akamkazia macho, na hakuna kilichotoka. Hakimu akauliza mara ya pili. Apolonia aliinuka ajitose. Constantine akamvuta khanga, naye Apolonia akakaa chini kwa hasira.

"Mheshimiwa," Kwandu alisema hatimaye, sauti ndogo. "Huyu ni baba yangu. Siwezi kubishana naye uso kwa uso, na sitaki kumvunjia heshima. Naomba nimpe mgongo."

Wazee wa baraza walitazamana, wakatikisa vichwa kukubali. Hakimu akaruhusu. Kwandu akageuka kuelekea dirishani, na hapo sauti ikafunguka.

"Sheria inaniruhusu kukaa ninapotaka. Nataka kukaa kwangu, na wanangu. Yule mdogo anaamka akiniita, na kwa Maganga hakuna anayemwitikia. Baba yangu nitampikia, nitamlimia, akiugua nitamuuguza. Kurithiwa sitaki."

Alijibu kila swali la hakimu, la sheria na la nyumbani, bila kugeuka. Mashimba alipoulizwa kama ana la kusema, alitazama mgongo ule, akainamisha kichwa. Watoto, ambao Maganga alikuja nao, wakaamriwa warudi kwa mama yao palepale.

Apolonia alilia waziwazi, wala hakujificha. Katika miaka yake yote ya uenyekiti hakuwahi kujivunia neno lake mwenyewe kama alivyojivunia maneno ya mwanamke yule.

Nje, wanawake wawili waliokuwa wakisubiri kesi zao, na waliomsikia Kwandu dirishani, walikuja mbio. Apolonia alijitengeneza kuwapokea, Constantine naye akafungua kitabu. Wanawake wakapita katikati yao bila kuwasalimu, wakasimama mbele ya Kwandu.

"Dada, na sisi tufundishe."

Kwandu alimpandisha mwanawe mdogo mgongoni, akamfunga vizuri.

"Haya," alisema, akiwatazama wote wawili usoni. "Nani anaanza kusema?"